Watatu Wasiokuwepo

Jumatatu nilifundisha amri ya saba
kama nilivyoifundisha kwa miaka kumi na tisa,
chaki mkononi, masizi ya miwa iliyochomwa yakitua
juu ya madaftari, juu ya sanamu ya Bikira Maria,
juu ya nywele za watoto wa darasa la sita.
Usiibe, nikaandika. Nao wakanakili: Usiibe.
Kalamu ya mwenzio. Kuku wa jirani. Sarafu ya sadaka.
Mifano yangu ilikuwa midogo, ya kuenea mfukoni.

Marivic Tumaob hainui mkono. Yeye huuliza tu:
"Mwalimu, na mizani ikiiba, nani aende kuungama?"

Darasa likanyamaza. Hapa kisiwani Negros
kila mtu anaijua mizani ile ya langoni mwa shamba,
jukwaa la chuma linalomeza mkokoteni mzima
na kutema namba. Namba ndiyo wali.
Ndiyo dawa ya kifua, ndiyo viatu vya Juni,
ndiyo deni la duka katika miezi ile mifu
ambapo muwa haukatwi na chungu hakipandi jikoni.
Bila kutaka nikamtazama Emerico,
mwana wa mpimaji. Alikuwa akichonga penseli
iliyokwisha kuchongoka.

Nikasema tutajibu kesho. Mwoga hupenda kesho.
Usiku nikamkumbuka aliyeezeka paa la shule;
jina lake liko ukutani kwa herufi za shaba,
na mshahara wangu hupitia mkono uleule.
Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo nilivyofunzwa.
Haba na haba hukitoboa pia.

Jumanne nikasema: wekeni Katekisimu, chukueni hesabu.
Kwanza zahanati, kwa Sista Milagros,
mmoja mmoja, pekupeku, kwenye mizani ya wagonjwa.
Marivic ishirini na tisa.
Pacha wa Dumalag thelathini na nne kila mmoja, wakagombana.
Mimi hamsini na nane. Wakacheka. Nikaandika.
Watoto thelathini na mmoja na mwalimu wao:
kilo elfu moja themanini na moja.
Wakakagua mara mbili, wakitumia na vidole.

Kisha tukatembea hadi langoni.
Nong Teodulfo alikuwa akila mkate.
"Somo la vitendo," nikamwambia. Sikuwa shujaa;
goti langu la kushoto ni shahidi.
Tukapanda sote. Chuma kilikuwa cha moto.
Emerico alibaki chini, akifunga kamba ya kiatu,
akaifungua, akaifunga tena,
kisha akapanda, akasimama katikati kabisa.
Mshale ukayumba. Ukatulia.
Mia tisa sabini na nane.

Hakuna aliyepiga kelele za mwizi; nilikwisha kuwakataza.
Pacha mmoja akatoa hesabu hewani kwa kidole.
"Mia moja na tatu," akasema. "Ni kama watatu wetu hawapo."
"Watatu gani?" akauliza Marivic.

Tukatazamana.
Kuna aliyejigusa shavu. Kuna aliyemshika jirani mkono
kwa nguvu, kama anayehakikisha.
Nong Teodulfo hakututazama sisi.
Mkate ukiwa nusu kinywani alimtafuta mwanawe
katikati ya vichwa vile, akamwona,
na mkono wake ukaenda kwenye lile jiwe la mizani,
ukaishia njiani.

Sijui kilichofuata usiku ule nyumbani kwao.
Najua tu kwamba Ijumaa niliitwa ofisini,
kwamba kulikuwa na barua, na kiti sikupewa.
Lakini hayo ni ya Ijumaa.

Jumanne tulirudi darasani tukinuka jasho na kutu.
Hakuna aliyeniomba tena mfano wa amri ya saba.
Nikafungua daftari la mahudhurio,
nikaita majina yote, polepole,
na kila jina likaitikia.
Waliokuwepo: thelathini na mmoja.
Nikaandika kwa wino.